Barua za Mackay Mikononi mwa Msomaji wa Dini Nyingine

Mwaka 1890 kilichapwa London kitabu cha maisha ya Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland aliyetumwa Buganda na Church Missionary Society. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Aliyekitunga ni umbu lake, aliyekusanya barua zake na habari alizoandika siku kwa siku, akaziunganisha kwa maneno yake. Basi ni kumbukumbu iliyopita katika mikono miwili: wa mtu aliyeandika kati ya kazi na homa, na wa umbu aliyechagua kwa majonzi. Iliandikiwa Wakristo wa Uingereza walioiombea na kuichangia kazi ile. Msomaji wa Shinyanga au Geita aliye Mwislamu, au ashikaye matambiko ya wazee wake, hakukusudiwa. Lakini hana budi kuisoma, kwa kuwa miaka ya mwisho ya Mackay ilipita katika nchi yake.

Julai 1887, katika enzi ya Kabaka Mwanga, Mackay alilazimika kuondoka Buganda, akaweka makao Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, baina ya Shinyanga na Geita za leo. Huko alifua chuma, alifasiri Injili kwa Kiganda, na kuanza kuunda chombo cha mvuke. Stanley, aliyepita na Emin Pasha mwaka 1889, alikaa kwake karibu majuma matatu, akamsifu mno.

Mpaka hapa msomaji hana ugomvi na kitabu. Nyundo haina dini. Ugomvi huanza katika baraza ya Mutesa, ambako Mackay alishindana na wafanyabiashara Waislamu, na mapadre Wakatoliki pia, akiwanenea wote maneno makali. Njia nyepesi ni kukifunga kitabu kwa hasira. Nyingine, wapendayo baadhi ya wanachuoni, ni kuiruka imani na kuokota tarehe tu, kama mtu achambuaye mchele. Zote mbili ni hasara, maana imani ndiyo iliyoamua Mackay aone nini na asione nini.

Tazama habari ya Desemba 1879. Mjumbe wa lubaale Mukasa, mungu wa ziwa, alipokaribishwa kwa Kabaka, Mackay alipinga kwa nguvu, akihesabu jambo lote kuwa uchawi na udanganyifu. Hata hivyo habari hiyo inaonyesha kwamba baraza iliazimu kuweka kando dini ya Waarabu na ya Wazungu, na kurudi kwenye dini ya wazee. Wasioweza kumwona Mukasa ila kwa dharau wameacha ushahidi kwamba nchi ile ilikuwa na dini yenye heshima na mamlaka. Ushahidi utokao kinywani mwa adui hauna upendeleo, na mwenye matambiko anaweza kuushika kwa mikono miwili.

Kwa Mwislamu, mzigo ni mzito zaidi. Biashara ya watumwa aliyoilaani Mackay ilikuwako, wala haifai kuikana. Ila wafanyabiashara wale walikuwa pia washindani wake wa kulipata sikio la mfalme, naye hakutenga kila mara dhambi ya mwenye bidhaa na dini yake. Tena kitabu kinawalilia, kwa haki, vijana watatu Wakristo waliouawa Januari 1885. Vijana Waislamu waliouawa mwaka 1876 kwa amri ya Mutesa, nao kwa kushika dini yao, hawakupata umbu wa kuwakusanyia barua.

Na Usambiro wenyewe? Uso wa kitabu umeelekea Buganda. Kwacho, kusini mwa ziwa ni mahali pa kungojea. Wasukuma na Wazinza, wenye nchi, hupita pembeni kama watu waonwao kutoka chomboni. Homa ilimwua Mackay hapo Februari 1890, akiwa na miaka 40, akazikwa hapo. Mwaka 1927 mifupa yake ilifukuliwa, ikavushwa ziwa, ikazikwa upya Namirembe.