Menengai Si Pori Tupu

Kila wikendi nikifungua simu nakutana na picha ya msee amesimama ukingoni mwa Menengai, mikono juu, na chini ameandika: "Pori tupu, halijaguswa." Picha huwa kali, sina neno. Ni hayo maneno ndiyo nataka tubishanie leo, kwa sababu mimi ni mtoto wa Rhonda na ule mlima nimeuangalia tangu nikiwa mdogo.

Menengai ni volkeno iliyoporomokea ndani, ikaacha shimo la karibu kilomita 12 kwa 8. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo iko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo juu hadi chini ni kama mita 500. Huko chini ni lava nyeusi inayokata viatu, vichaka katikati, na mvuke unaofuka ardhini. Ukipiga hema huko, sahau bomba, sahau choo, sahau mahali pa kuchajia simu. Kwa mtu wa kupanda, kuendesha baiskeli na kulala nje, ni raha tupu. Hiyo "tupu" naikubali.

Lakini sikiliza majina. Kwa Kimaasai, Menengai linahusishwa na maiti. Wakikuyu wanapaita Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani. Nani huita mahali hivyo kama hapajawahi kutokea kitu?

Kilichotokea ni vita. Katika karne ya 19 Wamaasai walipigana wao kwa wao, Ilaikipiak upande mmoja, Ilpurko na washirika wao upande mwingine. Simulizi inasema morani wengi wa Laikipiak walisukumwa kutoka ukingoni wakaangukia shimoni, na kwamba mvuke unaopanda ni roho zao zikitafuta njia ya mbinguni. Mvuke tunajua ni joto la ardhini. Ndiyo maana GDC walianza kuchimba visima huko mwaka 2011, na leo Menengai inatoa umeme. Lakini kushindwa kwa Laikipiak si stori ya kutisha watoto. Walivunjwa kabisa, na waliobaki wakamezwa na jamii zingine. Na kumbuka, hao walikuwa watu wa lugha moja, wanaopenda ng'ombe walewale na malisho yaleyale.

Halafu pakaja kumwagwa watu kwa kalamu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na walowezi wakaitamani ardhi iliyoizunguka. Agosti 1904, Olonana na wazee wengine waliweka alama kwenye mkataba na Waingereza. Wamaasai wakaondolewa hapa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa kaskazini hadi Laikipia, wengine kusini. Waliambiwa mpango huo ni wa kudumu. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, na wale wa Laikipia wakafukuziwa kusini pia. Mwaka 1913 walienda kortini. Korti ikasema hiyo mikataba ni kama ya nchi na nchi, kwa hivyo haina mamlaka ya kuiamua. Yaani siku ya kudai haki ndiyo waligeuzwa kuwa nchi! Siku ya kuhamishwa hakuna aliyewaona hivyo.

Kwa hivyo ukikuta utupu Bonde la Ufa, uliza kwanza nani aliutengeneza.

Mashamba ya walowezi yalitaka mikono ya kazi. Watu wakaja kutoka kila kona, Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wajaluo, Wakisii, na mji ukakua nao. Mitaa kama Rhonda ni matunda ya hiyo safari. Mwisho wa Januari 2008, majirani wa Rhonda na Kaptembwo waligeukiana. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka moshi, na nakumbuka mlango wa jirani ambao haukufunguliwa tena na watu tuliowajua. Ndiyo maana nikisikia habari za Laikipiak sisemi "hao watu wa zamani". Najua vile watu waliokunywa chai pamoja jana wanaweza kuamka leo wakiwa maadui.

Sisemi usiende. Nenda, manze, tena ulale. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu huko chini hakuna mto wa kukuokoa. Vaa viatu vigumu. Enda na mtu anayejua njia, na msiwe wawili tu. Ukipita mapangoni ukute watu wamefunga na kuomba, zima kamera. Hao wamekuja kwa jambo lao na hawakuomba kuwa kontenti yako. Takataka zako rudi nazo tao.

Na usiku moto ukishika, simulieni hii historia. Mbogi yetu ya kupanda ina watoto wa familia zilizokimbiana mwaka 2008. Hatuna semina, hatuna mhisani. Tuna hema mbili, sufuria moja, na ukishuka ule ukuta na begi mgongoni utashika mkono wowote utakaonyooshwa kwako, hautauliza jina la pili kwanza. Mazungumzo ambayo hayawezekani mtaani, kwa sababu kuta ni nyembamba na wazazi wanasikia, yanawezekana kule juu.

Tukishuka asubuhi tunapiga picha kama kila mtu, mikono juu. Chini yake tunaandika Ilaikipiak, ili anayepita na kidole aulize ni kina nani. Wengi huuliza.