Wati za Kwenye Katoni: Historia Fupi ya Ampli na Bafle

Wasomi wenzangu, mshahara wa kwanza ukiingia, wengi wetu tunawaza muziki wa nyumbani. Tunashuka Birere, tunazunguka madukani, na muuzaji anatuwekea kidole kwenye katoni: "Hii iko na wati elfu tano, papa, itapasua nyumba!" Mimi nasema hiyo namba ndiyo ya mwisho kusoma, na historia ya hii mitambo inaniunga mkono.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza lampu ya kioo ambayo ilikuja kuwezesha kukuza sauti kwa umeme. Lampu hizo zilikuwa ghali, zinapata moto, na wati zake ni chache. Miaka ya 1930 jumba zima la sinema liliweza kuendeshwa na wati kumi hivi, na watu mamia wakasikia kila neno. Iliwezekanaje? Kazi kubwa ilifanywa na bafle. Zilikuwa na mdomo mpana wa tarumbeta, kama zile tunazoona juu ya makanisa na misikiti, na tarumbeta haipotezi nguvu ovyo.

Kongo tuko na ushahidi wetu wenyewe. Kule Kinshasa, katika miaka ya 1960, Mawangu Mingiedi alianzisha kundi la Konono No. 1. Chombo chake kilikuwa likembe, na likembe peke yake, mjini kati ya magari na makelele, nani ataisikia? Basi wakatengeneza mikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari mabovu, wakaunga ampli zao, sauti wakaitolea kwenye vipaza sauti vya tarumbeta vilivyobaki tangu enzi za mkoloni. Albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa Ulaya walishangilia ule mkwaruzo wa sauti. Sawa, mkwaruzo ni mtamu. Lakini kinachonivutia mimi ni zile tarumbeta: watu wasiokuwa na wati za kuchezea walichagua bafle inayojua kutumia kidogo.

Mambo yaligeuka mwaka 1954. Edgar Villchur, huko Marekani, alitoa bafle ndogo iliyofungwa kabisa, isiyopitisha hewa, na besi yake ilishuka chini kuliko makabati makubwa. Ila ilikula nguvu sana. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ikaja kufanya wati kuwa rahisi, na hapo mashindano ya namba yakaanza. Uongo ulizidi hadi mwaka 1974 serikali ya Marekani ikalazimisha wauzaji wa ampli za nyumbani kutangaza nguvu ambayo ampli inatoa mfululizo. Hiyo sheria haikufika Birere. Katoni zetu zinaandika PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, na kila kiwanda kinaihesabu kinavyotaka. Tafuta herufi RMS. Kama hazipo, dai lile la elfu tano lichukulie kama pambo la katoni.

Sasa hesabu, wala si ngumu. Nyuma ya bafle nzuri, au kwenye karatasi yake, kuna desibeli: ni sauti inayotoka ukiipa wati moja na kuipima mita moja mbele yake. Kila desibeli tatu ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Bafle ya 95 na ya 86 zinapishana kwa tisa, yaani mbili mara mbili mara mbili: nane. Wati 10 kwenye ile ya kwanza zinalia sawa na wati 80 kwenye ya pili. Hapa Goma hiyo si hesabu ya darasani. Ndiyo, tangu 2015 kuna umeme wa Matebe, mto Rutshuru, lakini kuna nyumba ambazo hazijaunganishwa, na delestaji sote tunaijua. Mwenye pano ya sola na batri moja anajua tofauti ya 10 na 80 inavyoonekana saa nne ya usiku.

Kuna na jambo la omu. Ampli za lampu zilikuwa na transfoma ya kutolea sauti, nyingi zikiwa na sehemu tofauti za kuunga 4, 8 au 16. Transista nyingi hazina hiyo transfoma, kwa hiyo bafle ya omu chache inavuta umeme mwingi moja kwa moja. Vijana wanapenda kuchukua spika mbili za gari, kila moja omu 4, kuzifunga kwenye sanduku la mbao na kuziunga pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Hapo ampli inaona omu 2, wakati mgongoni mwake imeandikwa isishuke chini ya 4. Ukisikia harufu ya plastiki kabla wimbo wa pili haujaisha, ni hiyo.