Dawa ya Mama na Mtoto: Somo Lililotoka Eldoret hadi Ziwa

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret, kikawa cha pili nchini Kenya kufundisha fani hiyo. Wanafunzi waliketi katika vikundi vidogo, wakapewa kisa cha mgonjwa na kuachiwa watafute wenyewe chanzo na tiba. Mtindo huo ulianza mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada; Eldoret iliujenga kwa kushirikiana na vyuo vya Linköping, Sweden, na Maastricht, Uholanzi. Moi ikaongeza mpango wa COBES, unaowapeleka wanafunzi kujifunza kwenye vituo vya afya vya vijijini.

Mafunzo ya wafamasia wodini yalifuata baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kikiwafunza tangu miaka ya 1970, lakini kazi yao hospitalini ilibaki zaidi nyuma ya dirisha la kutolea dawa. Miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kilianza kuleta wanafunzi wake katika Hospitali ya Rufaa ya Moi. Wao na wenzao wa Nairobi wakazunguka wodini pamoja na madaktari, wakihoji kila dozi.

Kwa mama na mtoto, maswali hayo ni ya uhai. Tetrasaiklini anayomeza mjamzito huweza kubadilisha rangi ya meno ya mtoto aliye tumboni. Ini na figo za kichanga bado ni changa, hivyo dozi hufuata uzito.

Mfano mzuri ni dawa ya nevirapini. Utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba inapunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010, kichanga mwenye kilo 2.5 au zaidi alipewa mililita 1.5 za dawa ya maji kila siku. Mwenye uzito pungufu kidogo, mililita 1. Kijiko cha jikoni hakiwezi kupima tofauti hiyo. Inahitajika sirinji, na mama aivute dawa mwenyewe mbele ya anayemfundisha.

Ziwa, kaskazini mwa Eldoret kwenye mashamba ya mahindi, ni miongoni mwa vituo vilivyofikiwa na AMPATH, mpango wa matibabu ya VVU ulioanzishwa mwaka 2001. Hapo ndipo mwanafunzi wa famasia anapostahili kupelekwa mapema: akae na mama, amwombe apime dozi, na arekebishe maelezo yake kabla kichanga hajarudishwa nyumbani.