Rehani na Mkombero: Kina na Historia ya Majina ya Mimea

Suala la kina katika ushairi wa Kiswahili limezoeleka kujadiliwa kama suala la sheria. Makala haya yanalitazama kwa upande wa msamiati. Hoja yetu ni kwamba majina ya mimea hayana nafasi sawa katika utunzi wa nyimbo, na kwamba tofauti hiyo ni zao la historia ya lugha.

Tuanze na rehani. Katika Kiarabu, lilikotoka, jina hili huishia kwa konsonanti. Kiswahili kililiongezea irabu, likapata silabi ya mwisho -ni. Silabi hiyo ndiyo pia kiambishi cha mahali: moyoni, machoni, nyumbani. Kwa hiyo mtunzi wa pwani anayeitaja rehani, ifungwayo katika kikuba pamoja na asumini, hapati taabu ya kina. Isitoshe, vina anavyopewa ni vya makazi na vya nafsi, navyo vinaoana na mapenzi anayoyaimba.

Hali ya mtunzi wa Kakamega ni tofauti. Mmea unaojulikana mno kwake ni mkombero (Mondia whytei), mtambaa wa msituni ambao mizizi yake hutafunwa na kuuzwa masokoni, na ambao umepungua kwa kuchimbwa. Jina lake huishia kwa -ro. Katika shairi la tarbia, akiliweka mwishoni mwa mshororo, sharti apate walau vina viwili zaidi katika ubeti huo. Atapata nini? Kero, kasoro, mgogoro, karo, mtaro. Mzizi unaopendwa kwa ladha yake unajikuta katikati ya malalamiko. Mtunzi akikata tamaa, huandika rehani mahali pa mkombero. Vina vikatimia, na msitu ukatoweka katika wimbo.

Kaluta Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), aliimarisha msimamo kwamba kina ni sharti la shairi. Msimamo huo ulipingwa kwa vitendo na Kahigi na Mulokozi katika *Mashairi ya Kisasa* (1973), na na Kezilahabi katika *Kichomi* (1974). Kwa mtunzi wetu, mgogoro huo una uzito wa pekee. Nyimbo za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, zimejengwa juu ya mwito, kiitikio na mdundo wa ngoma. Humo mkombero hauombi kina.

Je, ina maana kwamba anayetaka kuutaja mkombero hana budi kuliacha shairi la kimapokeo? La hasha. Kina hudai silabi ya mwisho wa kipande tu. Mahali pengine hudaiwa mizani pekee. Tazama kipande hiki: *mkombero msituni*. Mizani ni minane kamili, jina limekaa mwanzoni, na kina ni kile kile cha -ni kilichoipendelea rehani. Kiambishi cha mahali si mali ya pwani peke yake.

Basi mwalimu anayesahihisha tungo za wanafunzi wa bara asiridhike kuhesabu vina. Aulize pia ni neno gani lililofukuzwa ili vina hivyo vipatikane.