Mbegu Mfano wa Vumbi: Historia Fupi ya Kilimo cha Tianma

Wahenga walinena: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, nasi tuliikumbuka tulipokuwa tukisoma habari za mmea mmoja wa Uchina ambao karibu maisha yake yote huyapitisha chini ya ardhi. Mmea huo ni wa jamii ya okidi. Wachina huuita tianma, na wataalamu wa mimea wameupa jina la Gastrodia elata. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi binadamu alivyojifunza kuupanda kutokana na mbegu, na kwa nini kazi hiyo huzidi ugumu kadiri mkulima ateremkavyo kutoka milimani.

Tianma ni dawa ya tangu zamani. Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale cha dawa za Kichina kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita, kinautaja mmea huu kwa jina la chijian, yaani mshale mwekundu, kwa sababu ya shina lake lililonyooka. Waganga walikitumia kiazi chake kutibu kizunguzungu, maumivu ya kichwa na degedege. Hatusemi kwamba kila sifa iliyotolewa imethibitishwa na tiba ya kisasa. Lililo dhahiri ni kwamba watu walikitafuta sana kiazi hicho, na kwa karne nyingi chote kilichouzwa kilichimbwa msituni. Wenyeji wa milimani waliamini kuwa wapanzi wake ni viumbe wa mbinguni, wala si kazi ya mkono wa mtu.

Imani hiyo haikukosa sababu. Tianma haina majani ya kijani wala mizizi, hivyo haiwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Tumba moja la mbegu huwa na makumi ya maelfu ya mbegu nyepesi mfano wa vumbi. Punje ya mahindi humwekea mche akiba ya chakula, lakini mbegu ya okidi haina akiba ya kutosha kuuanzishia mche maisha. Ukiimwaga shambani peke yake, hufa.

Ufunguo wa fumbo hili ulipatikana mbali na Uchina. Mwaka 1899, Mfaransa Noël Bernard aliona kuwa mbegu za okidi aina ya Neottia zilizokuwa zikichipua zilikuwa na nyuzi za kuvu ndani yake. Akatambua kwamba kuvu ndiyo mlezi wa mche. Bernard alifariki mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Mwaka huohuo Mjapani Kusano alitangaza kuwa kiazi cha tianma huishi kwa kutegemea kuvu ya armilaria, ile iozeshayo miti na kutambaa ardhini kwa nyuzi nyeusi zifananazo na kamba za viatu. Kuvu huingia katika kiazi kana kwamba inakwenda kukila, kumbe kiazi ndicho kiimeng'enyacho!

Tangu mwisho wa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 wataalamu wa Uchina, miongoni mwao Xu Jintang katika jimbo la Hubei na Zhou Xuan katika Yunnan, waliigeuza elimu hiyo kuwa kilimo. Walifukia magogo yenye armilaria, wakapanda viazi vidogo kando yake, navyo vikanenepa. Hata hivyo, viazi vilivyopandwa kutokana na viazi kizazi baada ya kizazi vilidhoofika, na mavuno yakapungua. Ikawa hapana budi kurudi kwenye mbegu. Hapo ndipo ilipobainika kuwa mlezi wa kiazi siye mlezi wa mbegu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Xu na wenzake waliitenga kuvu nyingine, aina ya misena, iishiyo katika majani makavu. Misena huichipusha mbegu, kisha armilaria hukilisha kiazi.

Tangu hapo mkulima huchavusha maua kwa mkono, hukusanya mbegu zikiwa mbichi, na kuzichanganya na majani yenye misena. Majani hayo huyatandika juu ya magogo yenye armilaria, akayafunika kwa udongo.

Mahali nako kuna sharti zake. Makazi ya asili ya tianma huko Yunnan na Guizhou ni milima yenye ubaridi na unyevu. Armilaria hustawi vema katika joto la digrii 20 hadi 25 za Selsiasi, nalo likizidi 30 husita kukua. Kwa hiyo mkulima wa nyanda za chini huchagua mteremko usiochomwa sana na jua, hufukia magogo chini zaidi, na kufunika shamba kwa nyasi au majani. Tena si joto la kiangazi pekee limsumbualo. Viazi hulala wakati wa baridi, wala haviamki sawasawa visipopata majuma kadhaa ya ubaridi wa digrii chache juu ya sifuri. Palipo na joto mwaka mzima, kivuli peke yake hakitoshi.

Je, habari hizi zatuhusu nini sisi wa Katanga? Zatuhusu sana. Chikanda tulayo huku na kwa jirani zetu wa Zambia hutengenezwa kwa viazi vya okidi za jamii ya Disa, Satyrium na Habenaria, vikatwangwa pamoja na karanga. Viazi hivyo huchimbwa porini, na vingine vimevushwa kutoka Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, ambako Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 ili kulinda maua. Achimbaye kiazi huung'oa mmea wote. Kuanzia mwaka 1975 biashara ya okidi za porini baina ya mataifa imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa, lakini sheria haipandi mbegu.

Wala tusidhani kwamba twaweza kuazima kuvu za Wachina. Okidi zetu zina majani ya kijani na walezi wao wengine, na armilaria yenyewe ni adui anayejulikana wa michai katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kinachofaa kuazimwa ni mwenendo wa kazi: kuuliza kwanza mbegu hulelewa na nani, katika udongo gani na ubaridi gani, kabla ya kulima. Wazee wetu wachimbao chikanda wanajua inakoota na majira yake. Sisi walimu tuwatume wanafunzi wakayaandike maarifa hayo kwa Kiswahili sanifu, pamoja na majina ya kienyeji ya kila aina, maadamu okidi zenyewe zingali zipo.