Fermioni

Jina hili la aina ya chembe lilibuniwa na Paul Dirac mwaka 1945 kwa heshima ya mwanafizikia Enrico Fermi wa Italia. Huenda katika ngeli ya I-ZI: fermioni hii, fermioni hizi. Fermioni mbili za aina moja hazikai katika hali moja, kama abiria wenye viti vya namba. Bosoni, yaani chembe za kundi lingine, kinyume chake hurundikana katika hali moja. Atomu za erbiamu-167 ni fermioni, na kila moja ni sumaku ndogo: zikifuatana ncha kwa ncha huvutana, zikiwa ubavu kwa ubavu husukumana. Mwaka 2014, kundi la Francesca Ferlaino mjini Innsbruck, Austria, lilizinasa kwa leza, likazipoza karibu na sifuri kamili, na kuonyesha matokeo ya kuvutana na kusukumana huko: tufe la mwendo wao, yaani umbo linaloonyesha kasi za atomu hizo kwa kila uelekeo, hurefuka kufuata uelekeo wa sumaku hizo.