Ubainisho wa Leseni

Maktaba inunuapo kitabu cha karatasi, kitabu hicho huwa mali yake, ikakiazimisha kwa wasomaji wake na kukihifadhi miaka na miaka pasipo kumrudia mchapishaji kumwomba idhini. Lakini majarida na vitabu visomwavyo katika kompyuta aghalabu haviuzwi kwa namna hiyo, bali maktaba hupewa haki ya kuvitumia kwa muda maalumu na kwa masharti yaliyoandikwa katika mkataba uitwao leseni. Chuo kikuu kimoja chaweza kuwa na leseni kadha wa kadha, kila moja na ibara zake na lafudhi yake ya kisheria. Na mwalimu ajapo kumwuliza mkutubi kama makala fulani yaweza kutiwa katika mkusanyo wa masomo ya wanafunzi, au kama mgeni asiyeandikishwa chuoni aruhusiwa kuyasoma akiwa ndani ya maktaba, jawabu limo katika karatasi zilizomo kabatini ambazo pengine ni mtu mmoja tu azijuaye.

Ili kuondoa udhia huo, Digital Library Federation ya Marekani ilitangaza mwaka 2004 ripoti iliyopendekeza data gani za leseni ziandikwe katika mifumo ya maktaba, na mwaka 2008 EDItEUR, shirika lenye makao London ambalo hutunza viwango vya data vya biashara ya vitabu, likatoa toleo la kwanza la kiwango kiitwacho ONIX-PL. Kwa kiwango hiki, masharti ya mkataba huandikwa upya kwa alama za XML ambazo programu yaweza kuzisoma: ni nani aruhusiwaye, afanye tendo gani, juu ya maandishi yapi, kwa makusudi gani, na kila tendo likapewa hali yake.

Kazi hii tuiiteje kwa Kiswahili? Wako watakaopenda kusema udhibiti wa leseni, nalo si neno la haki, kwa kuwa ONIX-PL haimfungii mtu mlango wala haimzuii kunakili. Hueleza tu lililokubaliwa. Neno tafsiri nalo ninalikataa, na kwa hoja yenye uzito zaidi, maana kutafsiri mkataba ni kutoa hukumu juu ya maana yake, ilhali makusudio ya kiwango ni kuyaweka maneno ya mkataba kama yalivyo. Kwa hiyo nachagua kubainisha: kitendo chenyewe kiwe ubainishaji wa leseni, na zao lake ubainisho wa leseni.

Kiini cha jambo, na ndipo panapostahili kutuliwa, ni ile hali ya tendo. Mtu angedhani kwamba hali ni mbili tu, ruhusa na katazo; lakini leseni nyingi hunyamaza juu ya mambo mengi, na waliotunga viwango hivi walikiri ukimya huo na kuutengea mahali pake, wakaweka pia nafasi ya kuonyesha kwamba maktaba imeufasiri ukimya kuwa ruhusa, au imeufasiri kuwa katazo. Wanafunzi wa fikihi wa pwani yetu wanaijua kanuni isemayo kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharimisha. Katika leseni hakuna kanuni moja kama hiyo iliyokubaliwa na pande zote, kwani mkutubi huenda akaurejesha ukimya kwenye sheria ya hakimiliki ya nchi na misamaha yake, na mchapishaji akaona kwamba kisichotajwa hakikutolewa. Mfumo unaomlazimisha mkutubi kujaza ndiyo au siyo humfanya aandike jambo ambalo mkataba haukusema, na baada ya miaka mitano hapana atakayejua kwamba ile siyo ilikuwa hofu ya mtu wala si ibara ya leseni.

Waama ubainishaji kamili ni kazi ndefu, itakayo mtu mwenye kuelewa sheria na data kwa pamoja, na ugumu huo umeizuia ONIX-PL isienee kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo fikra yake yafaa popote, hasa kwa jumuiya za maktaba zinazopatana na wachapishaji kwa pamoja, kama KLISC ya Kenya na COTUL ya Tanzania, kwani mkataba mmoja ukibainishwa vema na jumuiya, kila maktaba mwanachama hupata jawabu lile lile bila kuusoma upya. Jedwali la kawaida latosha kuanzia: tendo, hali yake, nambari ya ibara, na maneno ya ibara yenyewe, na pale leseni iliponyamaza liandikwe neno kimya, kisha katika safu ya pembeni fasiri ya maktaba, jina la aliyeifasiri na tarehe yake.